Kura Mbili za Kina Vatcher

Selby Pynn alishindwa umeya wa mji mdogo wa pwani wa Gunner's Arm kwa kura mbili. Angeshindwa kwa hamsini angekunywa chai yake, akatukana kidogo, akalala. Lakini mbili! Hizo mbili zilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wiki nzima alisimama kwenye dirisha la jikoni akizitazama nyumba za mji mojamoja, akiwataja waliomo na kuwasomea mashtaka.

"Kwa kina Hynes, zangu zote. Mjane wa Oake, yangu. Yule Pearl simwamini. Siku hizi ananitazama upandeupande, Effie, hujaona?"

"Pearl ana mtoto wa jicho, Selby. Anasubiri kupasuliwa."

"Aa, hata kabla ya hapo."

Effie, mkewe, aliendelea kumenya viazi. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka ya kutosha kujua kwamba ghadhabu yake ni mvua ya kupita, ukiiacha inyeshe inakatika. Safari hii haikukatika. Jumanne moja Selby aliingia ndani na matope hadi magotini, kamba ya kupimia imemning'inia shingoni, anacheka peke yake.

"Effie! Nimewakamata!"

"Umemkamata nani? Vua viatu."

"Kina Vatcher! Hawakai mjini! Wanalala nje ya mpaka, hatua kumi na moja nzima, nimepima mwenyewe! Wawili hao, Effie. Kura mbili!"

Sasa hapa sharti ijulikane habari ya nyumba ile, maana bila nyumba hakuna kesi. Mjomba Eli na Mjomba Hayward Vatcher ni wazee wawili makapera, ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa katika nyumba moja na wanaokusudia kufia humohumo. Mawimbi yalipoanza kuwabishia hodi mlangoni hawakujenga nyingine. Nani ajenge nyingine na ile ya zamani ingali nzima? Waliwaomba watu waje wawavutie. Mwezi wa tano mji wote ukaja na kamba na magogo, wakaing'oa nyumba kwenye misingi yake, birika bado liko jikoni, wakaikokota kupanda mlima. Na aliyesimama mbele akiongoza wimbo wa kuvutia, kofia mkononi, akinguruma kama honi ya meli, ni nani kama si Selby Pynn? Walipofika tambarare watu wakataka kuacha, viganja vimechubuka. Selby akakataa katakata. "Kidogo tena, wanangu! Wazee waione ghuba vizuri! Kidogo tena!" Wakavuta kidogo tena. Kisha wakala, wakanywa, wakacheza hadi sakafu ikalalamika, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza mpaka wa mji uko wapi. Nani huuliza mpaka na kamba iko begani?

"Lakini wewe ndiye uliyewavuta mpaka huko," Effie alisema.

"Hilo ni jingine. Wamempigia kura Garland Budgell, huyo aliyenishinda. Bango la Garland limesimama pale kwenye banda lao la kuku, kubwa kama mlango wa kanisa. Mimi niwavutie nyumba, wao wampigie Garland! Shukrani ya punda hiyo!"

Wakili alipatikana mji wa Gander, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Noseworthy jina lake, mtu mwembamba mwenye suti nzuri na maneno machache. Alisema kesi ni nyepesi: kura mbili batili, tofauti kura mbili, basi uchaguzi unarudiwa. Alisema pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba yeye huanza kazi akishapata dola elfu tatu mkononi, na kwamba anayeshindwa kortini humlipa wakili wake na wa mwenzake. Selby alisikia ile sehemu ya kwanza.

Dola elfu tatu zilikuwapo, na hilo ndilo lililomkosesha Effie usingizi. Zilikuwa katika akaunti yao ya pamoja, lakini mji mzima ulijua ni pesa za nani. Tangu binti yao Krista ahamie Fort McMurray, upande wa pili wa nchi, kufuata kazi ya mafuta, kila Septemba Effie alipanda nyikani na ndoo zake, akainama kwenye baridi na mbu kuchuma matunda madogo mekundu, akayauza. Dola kwa dola, mwaka kwa mwaka. Na sasa Krista alikuwa amejifungua. Mtoto aliitwa Maisie, ana miezi mitano, atabatizwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, na Effie alikuwa hajamshika hata kidole. Alimjua kwa kioo cha simu tu, akimpungia mkono kama mtu aliyeachwa gatini.

"Ni mkopo, mpenzi," Selby alibembeleza. "Tukishinda, Garland analipa kila kitu. Unaenda kwa Maisie na pesa inabaki."

"Na tukishindwa?"

"Tutashindwaje?"

"Kama ulivyoshindwa mara ya kwanza."

Selby akavuta pumzi kwa pua. Effie akaweka kisu chini.

"Sikiliza. Zile pesa usizinuse. Mimi nitakuuzia sahani baridi. Kesi yako italishwa kwa viazi, sio kwa mjukuu wangu."

Basi Effie akaingia kazini. Bata mzinga, paja la nguruwe, viazi vya haradali vya manjano, viazi vya bitiruti vyekundu, jani la saladi, kipande cha keki, vyote vimepangwa kwenye sahani moja na kufunikwa, dola kumi na tano. Gunner's Arm hawajui njia nyingine ya kuchanga. Paa la kanisa lilijengwa kwa sahani baridi. Gari la zima moto lilinunuliwa kwa sahani baridi. Watu walipiga foleni hadi barabarani, na waliompigia Garland wakapiga foleni vilevile, maana kesi ni kesi na haradali ya Effie ni haradali ya Effie.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya Mildred, mke wa Garland, kuuza supu ya dengu na madonge ya unga ili kumlipa wakili wa mumewe. Foleni ileile, watu walewale. Ungenunua kwa Pynn usinunue kwa Budgell? Ungepita wapi siku ya pili? Mjane wa Oake alizila kesi zote mbili, akatoa hukumu kwamba ya Effie ina ladha zaidi ila ya Mildred inashibisha.

Jioni ya mauzo yake Effie alikuwa amebakiwa na sahani mbili, akawapelekea kina Vatcher. Desturi ni desturi, mtu haachwi bila chakula kwa sababu tu mumeo amemshtaki.

Mjomba Hayward alifungua mlango, akaitazama sahani, akamtazama Effie.

"Sisi tunaburutwa kortini, na bado mnatuletea bata mzinga?"

"Kesi ni ya Selby, Mjomba. Bata ni wangu."

"Basi pita, kipenzi. Eli, toa paka kitini!"

Walikula, wazee wawili waliokunja nyuso kama watoto waliochapwa bila kosa. Ilionekana wazi kwamba kisa hiki kimewauma. Hatimaye Eli akafuta haradali mdomoni.

"Anasema tumempigia Garland. Selby mwenyewe anasema hivyo, huko dukani, mbele za watu."

"Si kwa ajili ya lile bango lenu?"

"Bango?" Hayward aliduwaa. "Lile la banda la kuku? Effie, ile ni mbao nzuri! Garland alikuwa anagawa bure. Upepo wa hapa juu ulikuwa unawamaliza kuku wetu, tungefanyaje?"

"Kwa hiyo kura..."

"Tulimpigia Selby!" Eli aligonga meza, sahani zikaruka. "Wote wawili! Mtu amekuvutia nyumba yako mpaka ukaiona ghuba ukiwa kitandani, halafu umpigie mwingine? Sisi si watu wa namna hiyo!"

Effie alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaanza kupiga hesabu. Mumewe alikuwa anatafuta dola elfu tatu za kufutia kura zake mwenyewe.

Alirudi nyumbani mbio na kumweleza yote. Selby alimsikiliza huku akitikisa kichwa tangu neno la kwanza.

"Wamekudanganya. Wamekuona mwema wakakudanganya."

"Eli Vatcher hajui kudanganya, Selby. Hata karata anacheza akiwa amezigeuzia wenzake."

"Na hata ikiwa kweli! Noseworthy anasema kura ni siri, korti hairuhusiwi kuwauliza. Kura mbili batili ni batili. Uchaguzi unarudiwa. Na nikirudia, nashinda!" Macho yalimwaka kama ya mtu mwenye homa. "Hizi za sahani hazijafika hata nusu, Effie. Jumatatu nitapita benki. Nitatoa kidogo tu. Na nyingine wiki ijayo. Kidogo tena, basi."

Effie alimtazama akisema vile, mikono imenyooshwa kana kwamba ameshika kamba, na akajua pesa zimekwenda.

Hakugombana. Jumatatu kabla Selby hajanyoa ndevu, Effie alikuwa barabarani amevaa koti la kanisani, anatembea kuelekea Gander kana kwamba ni jirani. Pikapu ikasimama. Ndani alikuwa Mildred Budgell.

Wanawake wawili wakatazamana.

"Wakili wetu kasema tusizungumze," Mildred alisema.

"Wetu pia."

"Unaenda wapi?"

"Benki."

"Loo! Na mimi!" Mildred akamfungulia mlango. "Garland anataka pesa ya tanuri la kupashia nyumba joto. Tanuri langu, Effie! Naamka asubuhi nikipumua moshi wa baridi kama farasi, mume ananiambia ati heshima ya kiti. Nimekwambia kiti? Kile kiti cha meya mguu wake mmoja umeungwa kwa waya."

Walicheka njia nzima. Walipofika benki walipanga foleni pamoja, na yule binti wa dirishani, aliyekuwa amesikia habari zote, aliwahudumia bila kuuliza swali. Kutoka pale Effie aliingia ofisi ya tiketi za ndege.

"Kuna hii ya bei ya chini," karani alimwambia, "lakini ukighairi harudishiwi mtu pesa. Na kuna hii nyingine, ghali kidogo..."

"Nipe ile ambayo hata nije hapa nikigaragara hamnirudishii."

"Mama?"

"Na hata aje mume wangu akigaragara."

Nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya jioni, siku ileile ya kesi. Effie alisema naam, vizuri kabisa, uwanja wa ndege si uko hapahapa Gander.

Selby alipoambiwa benki kwamba akaunti ina dola arobaini, alirudi nyumbani na kupiga kelele hadi mjane wa Oake akazima redio ili asikie vizuri.

"Zile zilikuwa pesa za kesi!"

"Zilikuwa za Maisie."

"Na mimi nifanyeje?"

"Uache."

Hakuacha. Aliiweka rehani pikipiki yake ya theluji, akampelekea Noseworthy, akanuna wiki tatu. Effie alifunga sanduku lake polepole, akaweka soksi alizofuma, chupa za jamu, na gauni la ubatizo ambalo Krista mwenyewe alilivaa.

Siku ya kesi mji wote ulihamia Gander. Effie alikaa nyuma ya mumewe, sanduku limesimama katikati ya magoti. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, leso mkononi, uso wa mtu aliyeapa kutocheka mpaka saa ya chakula. Noseworthy alieleza kesi yake vizuri hata Effie akaogopa kwamba watashinda. Picha za nyumba zikaonyeshwa, ramani ikatandazwa. Hatua kumi na moja, hakuna ubishi.

"Bwana Pynn," jaji akasema, "hii nyumba ilifikaje huko?"

"Tuliivuta, mheshimiwa."

"Mliivuta. Nani aliamua isimame pale?"

Selby aliona shimo, lakini majivuno yalikuwa yameshamtangulia. "Mimi, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyeongoza. Bila mimi ingekwama kwenye tope."

Watu wakakohoa. Akaitwa Mjomba Hayward, koti limembana, nywele amezilaza kwa maji. Jaji akamwonya kwa upole kwamba hapaswi kusema alimpigia nani.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Jibu tu unalala wapi."

"Ninalala alipotuweka Selby, mheshimiwa. Na kwa ajili hiyo tulimpigia yeye, mimi na Eli, na sasa anataka..."

"Bwana Vatcher!"

"...anataka kuzitupa, na sisi tulimpa kwa moyo mmoja!"

Mji wote ukaangua kicheko. Garland Budgell akainamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika. Noseworthy akafumba macho. Selby akageuka, shingo imewiva, akamtazama mzee yule aliyesimama kizimbani akilia machozi kabisa.

Jaji alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akatoa uamuzi. Hakusikia alichosema Bwana Vatcher, alisema, na hata angesikia asingekitumia. Lakini orodha ya wapiga kura ilibandikwa posta wiki nyingi kabla ya uchaguzi, na kila mtu aliisoma, na Bwana Pynn aliisoma, na hakupinga jina lolote mpaka aliposhindwa. "Umewavuta wazee hawa nje ya mji kwa kamba," alisema, "kisha unaiomba korti iwafungie mlango. Siwezi kukusaidia. Kesi imetupwa. Gharama za mjibu kesi atazilipa mleta kesi."

"Oyee!" Mildred akapiga makofi, akanyamazishwa, akaendelea kidogo kidogo.

Nje, kwenye ngazi, Selby alisimama na karatasi ya wakili mkononi. Alionekana mdogo ndani ya koti lake.

"Effie, nitazilipaje hizi?"

Effie aliangalia saa. Alitaka kumkasirikia, lakini alimwonea huruma, na huruma yenyewe ikamkasirisha.

"Viazi viko ghalani. Bitiruti ziko ghalani. Bata wawili wako kwenye friza, na sahani ziko chini ya ngazi."

"Mimi sijui kutengeneza viazi vya haradali!"

"Muulize Mildred."

Alimbusu shavuni, akampa funguo za nyumba, akapanda pikapu ya Mildred kwenda uwanjani. Selby alibaki na Mjomba Hayward, ambaye bado alikuwa anafuta macho. Effie alipogeuka kuwatazama, aliona mumewe amevua kofia na kuanza kusema kitu, na mzee anakubali kwa kichwa.

Maisie alikuwa mzito kuliko picha. Hilo ndilo lililomshinda Effie: uzito. Krista alimweka mikononi mwake pale uwanja wa ndege wa Fort McMurray, katikati ya watu na mizigo, na Effie akakaa chini juu ya sanduku lake. Mtoto alimkazia macho, akamshika pua, akaivuta.

Siku ya pili baada ya ubatizo simu ikalia.

"Effie? Haradali inatangulia mayonezi au inafuata?"

"Zinakwenda pamoja."

"Mildred kasema inafuata."

"Basi mfuate Mildred."

"Jana nimeuza zote," Selby alisema. Nyuma yake kilisikika kifuniko cha sufuria kikicheza. "Garland alikuja wa kwanza. Kanunua nne, kaniambia viazi vina mabonge. Eli na Hayward nao wakaja. Nimekataa pesa yao, wakaiacha chini ya birika. Nikienda hivi nitamaliza deni Pasaka, vidole vyangu vyote vimekuwa vyekundu." Akashusha sauti. "Anafanya nini?"

"Nani?"

"Huyo."

"Kalala. Yuko kifuani kwangu."

"Ana uzito?"

"Sana. Mkono wangu umekufa ganzi."

"Sikuwahi kuuliza hilo," Selby alisema. "Uzito wake. Miezi yote hii nilijua hatua ngapi toka mpakani, na hilo sikuuliza. Ningezitoa zile pesa, Effie. Siku ile nilikwenda benki kuzitoa."

"Najua ulikwenda."

"Mweke karibu na simu."

Effie akaishusha simu hadi mdomoni pa mtoto. Maisie alikuwa anakoroma kidogo, kama paka mwenye mafua, na mara kwa mara maziwa yanamtia kwikwi. Upande wa pili Selby Pynn alisikiliza. Sufuria ilichemka ikafurika, ikasikika ikimwagikia jiko, naye hakwenda kuitoa. Effie aliendelea kuishikilia simu palepale mpaka mtoto alipoamka.